Bei ya Juu, Hela ya Chini: Kuuza Kompyuta ya Gemu Ukiwa Usevya

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla chai haijapoa. "Bei ya mwisho?" Hakuna salamu, hakuna swali juu ya kadi ya picha wala umri wa betri. Mpwa wangu alikuwa ametoka tu kuweka tangazo, amekaa kwenye benchi uani, hapa Usevya, Mpimbwe, mahali ambapo simu inashika mtandao vizuri. Kufika mchana walikuwa wameandika watu kumi na mmoja. Tisa waliuliza bei ya mwisho, mmoja akataka wabadilishane na pikipiki, na mmoja tu ndiye aliyeuliza RAM.

Mashine yenyewe ni ASUS ROG yenye kadi ya RTX 3070 na RAM ya GB 32. Aliinunua Dar es Salaam alipokuwa akisoma usanifu majengo. Mchana ilimchorea majengo, usiku yeye na wenzake wa bweni wakaichezea mpira. Sasa amerudi nyumbani na ana haja nyingine. Anataka mtaji wa kununua mpunga wakati wa mavuno, magunia yakiwa kila kibaraza na bei imelala, auweke mpaka bei iamke. "Mjomba, nisaidie hesabu," aliniambia. "Nisije nikauza kwa bei ya juu nikabaki na hela ya chini."

Tukafungua daftari. Hesabu zetu zinaweza kumfaa yeyote mwenye kitu cha thamani aliye mbali na soko lake. Shilingi nitakazotaja ni za mfano, tulizidhania ili njia zote zipimwe kwa mizani moja. Futa zetu, andika zako.

UNAUZA NINI HASA?

Kompyuta ya gemu haiuziki kwa jina. Mbili zinaweza kubandikwa maneno "RTX 3070" na zisilingane nguvu, kwa sababu kiwanda huamua kadi ipewe umeme kiasi gani. Kwa kadi hiyo ya kompyuta mpakato, NVIDIA iliruhusu kati ya wati 80 na 125. Yenye wati 80 huwa nyembamba na nyepesi. Yenye 125 hukimbia zaidi, hupata joto zaidi na hunguruma zaidi. Mnunuzi anayejua atakuuliza. Ukikosa jibu, atajijibu mwenyewe kwa kushusha bei.

Kwa hiyo tangazo liseme jina kamili la modeli kama lilivyoandikwa chini ya mashine, prosesa na kizazi chake, kadi na kumbukumbu yake (3070 ya mpakato ina GB 8), RAM, ukubwa wa SSD, na kama chaja ni ile ya asili. Chaja si jambo dogo. Hizi mashine hutumia chaja za wati 200 na kuendelea, na chaja ya kuazima yenye wati 65 itaiwasha kwa shida au isiiwashe kabisa. Hali ya betri usiikisie. Windows inayo amri, powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake leo. Piga picha ripoti hiyo, iweke kwenye tangazo.

Kuna mambo mawili ya wakati huu yanayogusa bei. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, hivyo mashine isiyokubali Windows 11 imeshuka thamani hata kama ina nguvu. La pili linampendelea muuzaji: tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM duniani zimepanda sana, kwa kuwa viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vikubwa vya akili unde. GB 32 ambazo zamani zilikuwa nyongeza tu, leo ni sehemu ya bei. Zitaje mwanzoni mwa tangazo.

Na kabla ya picha, vumbi. Kiangazi cha Mpimbwe hakibagui. Feni iliyojaa vumbi hufanya mashine ipate joto, na ikipata joto inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Fundi akiifungua, akaisafisha na kubadilisha grisi ya prosesa, mnunuzi atakayeijaribu kwa nusu saa ataona mashine, hataona tatizo.

BEI INATOKA WAPI?

Fungua matangazo kumi ya mashine zinazofanana na yako kwenye Jiji, Kupatana na Facebook Marketplace. Andika bei zote, kisha rudi baada ya wiki mbili. Zilizobaki palepale zinakuonyesha bei ambayo watu wameikataa. Zilizotoweka ndizo zenye habari.

Kisha tazama mpya. Mnunuzi wako anailinganisha ya kwako na mpya ya daraja la chini yenye warantii. Kadi za mfululizo wa 40 zilifika kwenye kompyuta mpakato mwaka 2023, na za mfululizo wa 50 mwaka 2025. Kila mfululizo ukitoka, ule wa nyuma hushuka ngazi. Mashine ya 2021 ikikaribia bei ya mpya yenye RTX 4050, mteja atachukua mpya, hata kama ya kwako ina nguvu kuishinda, kwa sababu warantii humpa usingizi.

Sisi tulikadiria kwamba Dar es Salaam mashine ya mpwa wangu ingetangazwa kwa sh. 2,000,000 na kuuzika kwa 1,900,000 baada ya maongezi. Hiyo ndiyo bei ya juu. Tukaanza kutafuta hela iliyo chini yake.

KUUZA HAPAHAPA NA MPANDA

Nani Usevya anahitaji mashine ya namna hii? Wapo, ila wachache: wapiga video za harusi, watayarishaji wa muziki, mpima ardhi mwenye ramani nzito. Vijana wa kampasi ya SUA ya Mizengo Pinda, jirani zetu hapa Mpimbwe, wanahitaji kompyuta ya kuandikia na kusomea. Kadi ya picha kwao ni mzigo, na betri ya mashine ya gemu mara nyingi haimalizi vipindi viwili mfululizo.

Mnunuzi wa hapa pia huuliza swali ambalo wa Dar haulizi: inakula umeme kiasi gani? Jibu lina shilingi ndani yake. Chaja ya wati 240 ikifanya kazi karibu na kikomo saa nne kwa siku, ni takribani uniti moja, yaani uniti 30 kwa mwezi. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO asiyevuka uniti 75 kwa mwezi hulipa karibu sh. 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, na aliye kundi la juu hulipa karibu 356. Uniti 30 ni sh. 3,660 kwa wa kwanza na 10,680 kwa wa pili. Hatari ni kwamba mashine hiyo peke yake inakula sehemu mbili kati ya tano za nafasi ya uniti 75 ya mteja mdogo, na inaweza kumsukuma atoke kundi la chini. Mwenye sola ndogo ya nyumbani asahau kabisa.

Mpanda mjini wanunuzi ni wengi zaidi, na unamaliza siku hiyohiyo: unapanda gari, unapita Hifadhi ya Taifa ya Katavi mpaka Sitalike na mbele yake, mteja anaijaribu mbele yako, unahesabu noti. Ila soko ni dogo na bei inajua hivyo. Tukaandika 1,500,000, tukatoa 30,000 za nauli na chakula. Mkononi: 1,470,000.

Kuna aliyetaka kununua kwa awamu, mpiga video: 1,700,000, atangulize 700,000 na nyingine baada ya mavuno. Kwa namba inapendeza. Lakini mpwa wangu anataka hela ili anunulie mavuno, na huyu atalipa mavuno yakishauzwa. Mtaji ungefika sherehe imeisha.

WINGA NA MALI KAULI

Kariakoo kuna maduka na mawinga, yaani madalali, watakaoichukua leo. Bei yao ina faida yao ndani, na si dhambi. Wao ndio watakaoishi na mashine mpaka mteja apatikane. Tukaweka 1,400,000 taslimu. Toa 30,000 za kuifungasha na kuituma kwa basi, na 15,000 za makato ya kupokea na kutoa hela kwenye simu. Mkononi: 1,355,000, chini ya Mpanda, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Mali kauli ni njia nyingine. Unampa winga mashine, mnakubaliana akuletee 1,600,000, na cha juu ni chake. Zikifika zote, ukitoa 30,000 na 15,000 zilezile, unabaki na 1,555,000. Neno la kupigia mstari hapo ni "zikifika". Mashine iko kwake, bei iko mdomoni mwake, na wewe uko Mpimbwe ukipiga simu isiyopokelewa.

KUBADILISHANA NA KUICHINJA

Wengi hupendekeza kubadilishana: wakupe kompyuta ya kawaida ya ofisini na hela juu. Hapa bei hujificha. Mmoja alisema, "Chukua hii, thamani yake laki sita, nakuongeza milioni moja na laki moja." Ukisikia haraka ni 1,700,000. Lakini kompyuta za aina ile kwenye matangazo zilikuwa zikienda laki nne na nusu. Hesabu ya kweli ni 1,550,000, na laki nne na nusu kati ya hizo bado unatakiwa kuzitafutia mnunuzi. Kubadilishana kunafaa kama ile kompyuta unaihitaji kweli. Kama huihitaji, umebadilisha mashine moja ya kuuza kwa mashine nyingine ya kuuza.

Kuichinja, yaani kuuza RAM, SSD, kioo na chaja kimojakimoja, kunalipa pale ambapo ubao mkuu umekufa. Mashine nzima usiichinje. Kadi ya picha na prosesa vimechomelewa kwenye ubao, na hivyo ndivyo vilivyobeba thamani.

KUMTUMIA MGENI KWA BASI

Hii ndiyo njia tunayoiwazia tunaposema "kuuza mtandaoni". Umempata mteja Dar, mmeelewana 1,900,000, unaifunga, unaipeleka kwa wakala wa basi. Toa 30,000 na 15,000 zile zile. Mkononi: 1,855,000. Kwenye karatasi imezishinda zote.

Sasa jiulize nani anatangulia. Akitangulia yeye kutuma hela, anaogopa kupokea boksi lenye tofali. Ukitangulia wewe, unaogopa kubaki na namba isiyopatikana. China swali hili lina jibu: kwenye Xianyu, soko la mitumba la Alibaba, hela ya mnunuzi hukaa Alipay mpaka athibitishe kwamba kitu kimefika. Hapa kwetu tovuti za matangazo hukutanisha watu, halafu huwaachia wenyewe. Jiji ilinunua biashara ya OLX nchini mwaka 2019, na mwaka huohuo Jumia ikafunga shughuli zake Tanzania. Tangazo la kawaida ni la bure, lakini hakuna anayekushikia hela.

Utapeli wenyewe una sura chache, zikijirudia. Kuna ujumbe wa muamala uliotungwa, unaofanana na wa kweli mpaka nukta. Dawa yake ni kutazama salio kwenye menyu yako, kisha hela kuihamishia benki au kuitoa kwa wakala kabla mashine haijaachiwa, maana muamala wa kweli nao mtu anaweza kuomba urudishwe. Kuna anayesema anatuma dereva wake na dereva hana habari ya bei. Na kuna anayeiba picha zako, anatangaza mashine yako kwa bei ya kutupa, anapokea "hela ya kushikia" kutoka kwa mtu wa tatu, na lawama zinakufikia wewe. Kwa huyo wa mwisho, piga picha mashine ikiwa na karatasi pembeni yenye tarehe na jina lako la tangazo. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, namba iliyowekwa na TCRA, na tishio la kweli lipeleke polisi; Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu mtu wa namna hiyo.

Tukasema tuipe hofu bei. Chukulia umeuza kwa njia hii mara kumi na ukapigwa mara moja. Mara tisa unapata 1,855,000, mara moja unapoteza kila kitu pamoja na 30,000 za mzigo. Gawanya kwa kumi: 1,666,500. Ukipigwa mara mbili kati ya kumi, inashuka hadi 1,478,000. Hiyo ni karibu sawa na kuuza Mpanda, ambako ungelala nyumbani kwako huku hela umeihesabu mwenyewe.

KWENDA MWENYEWE

Njia ya kuondoa hofu ni kusafiri na mashine. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, malazi ya siku tatu, tukaandika 250,000. Toa kwenye 1,900,000. Mkononi: 1,650,000.

Linganisha na ile 1,666,500 ya kupigwa mara moja kati ya kumi. Zinakaribiana sana. Maana yake nauli ya Dar ni malipo ya kutotapeliwa, na kama hofu yako ni ya mtu mmoja kati ya kumi, malipo hayo si ghali wala si rahisi, ni ya haki. Ukiwa na safari yako nyingine ya Dar, usifikirie mara mbili, ibebe mgongoni. Ila usisafiri kwa ajili ya mteja mmoja. Fika ukiwa na watatu waliothibitisha, ili wa kwanza akikuta "kasoro" ya kushushia bei, umpigie wa pili mbele yake.

MTU WAKO WA DAR

Hapo mpwa wangu akakumbuka jambo. Aliyekuwa naye chumba kimoja bwenini bado yuko Dar, anafanya kazi ofisi ya wasanifu. Mashine anaijua, ameichezea. Tukaandika mstari mpya: 1,900,000, toa 45,000 za basi na makato, toa 50,000 za asante yake. Mkononi: 1,805,000.

Angalia hizo 50,000 zimenunua nini. Mashine inafika kwa mtu anayejua kuiwasha na kuijaribu. Mnunuzi anaiona kabla ya kulipa, hivyo hofu yake ya tofali imekwisha. Hela inaingia kwenye simu ya mwenye mali, si ya rafiki, na mashine haiachiwi mpaka mwenye mali aseme, "Nimeona salio." Kila mmoja kati ya watu watatu ana kitu mkononi mpaka dakika ya mwisho. Hicho ndicho China wamekiweka kwenye programu. Sisi tunacho, kinaitwa mtu unayeijua nyumba yao.

Lakini masharti ni yaleyale hata kwa rafiki. Bei ya chini kabisa iandikwe kwenye ujumbe, asante yake itajwe mapema, na kama mashine haikuuzika ndani ya wiki tatu ijulikane inarudi kwa gharama ya nani. Urafiki mwingi hufia kwenye hela ambayo haikutajwa mwanzoni.

Njia zetu, zikipangwa kwa hela ya mkononi:

– Kupitia mtu wako wa Dar: 1,805,000
– Kumtumia mgeni, ukihesabu kupigwa mara moja kati ya kumi: 1,666,500
– Kwenda mwenyewe: 1,650,000
– Mali kauli, zikifika: 1,555,000
– Kubadilishana, kwa thamani ya kweli: 1,550,000
– Mpanda taslimu: 1,470,000
– Winga taslimu: 1,355,000

SIKU NAZO ZINA BEI

Orodha hiyo haijamaliza kazi. Mpunga hausubiri. Tuseme mtaji unanunua magunia 20, na kila wiki baada ya mavuno bei ya gunia inapanda sh. 2,000. Kuchelewa wiki moja ni 40,000. Wiki tatu ni 120,000. Mwenye kukataa mteja wa 1,800,000 ili angoje wa 1,900,000, akangoja wiki tatu, amepata laki moja na kupoteza laki na ishirini elfu.

Kila muuzaji ana mpunga wake: ada ya shule, kodi ya fremu, deni. Andika gharama ya kuchelewa wiki moja kabla ya kuweka tangazo, nayo ndiyo itakujibia "bei ya mwisho". Na jua msimu wa mnunuzi pia. Vijijini kwetu hela huonekana mazao yakiuzwa. Vyuoni huonekana "boom", yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, mwaka wa masomo ukianza. Wapiga video hununua kabla ya harusi za mwisho wa mwaka.

KABLA YA KUIACHIA

Hamisha faili zako, toka kwenye akaunti zote za gemu, barua pepe na Microsoft, kisha irejeshe Windows mwanzo kwa kuchagua kufuta kila kitu pamoja na kusafisha diski. Picha za familia na namba za NIDA zilizobaki kwenye SSD zina wanunuzi wake, na hutapenda kuwajua.

Tafuta risiti ya ununuzi. Ikipotea, andikeni hati ya mauziano yenye namba ya utambulisho ya mashine, majina, tarehe, bei na sahihi za mashahidi, ikiwezekana mbele ya ofisi ya kijiji au mtaa. Kupokea mali ya wizi ni kosa, na mnunuzi mwerevu atakimbia mashine isiyo na karatasi hata ikiwa rahisi. Karatasi hiyo inakulinda nawe pia, siku mashine ikikutwa mahali pabaya.

Kuifunga: funika kioo kwa kitambaa laini, weka chaja mbali na kifuniko, jaza boksi mpaka kisisikike kitu kikicheza ukilitikisa. Piga video ukiifunga, namba ya mashine ikionekana. Kwa wakala taja thamani yake, soma masharti yaliyo nyuma ya risiti, na uombe isilazwe chini ya magunia. Mchele wa Mpimbwe nao unasafiri kwa basi hilohilo, na una uzito.

Jioni ile mpwa wangu alifuta majibu kumi kati ya kumi na moja. Lililobaki ni la yule aliyeuliza RAM. Alikuwa Dar, mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa tatu. Walipoelewana, hawakuzungumza tena na mimi wala na daftari. Nilimsikia tu akimpigia mwenzake wa bwenini, anamwambia mashine itapanda basi kesho, na kwamba asante yake ni elfu hamsini, asije akasema hakuambiwa.